Mkono ndio unaosahau

Kila nikiingia zamu, kabla sijasaini kitabu na kabla sijamuuliza mwenzangu wa mchana ametuachia kina mama wangapi, nafungua kabati la chumba cha kujifungulia na kulitoa begi la Ambu la watoto wachanga, lile la kusukumia hewa mapafuni kwa mkono kupitia maski. Naziba mdomo wa maski kwa kiganja cha kushoto, nabonyeza kwa mkono wa kulia, nasikiliza. Likiwa zima, hewa inakisukuma kiganja, na nikikaza zaidi, valvu ya juu inafunguka na kutoa sauti kama ya mtu anayevuta pumzi kati ya meno. Nalirudisha juu ya leso safi, ndipo nakwenda kusaini. Vijana wanaoletwa kwetu kwa mafunzo huniangalia wakidhani ni mazoea ya uzee. Nina miaka 43, na mazoea haya ninayo tangu nikiwa na miaka 24.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Kituo sitakitaja, tuliokuwa pale tulikuwa wachache, tumechoka sote, na wengine wangali kazini hadi leo. Mama alijifungua alfajiri baada ya uchungu wa usiku kucha, na mwana akatoka mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikamfyonza mdomo na pua. Kimya. Nikachukua begi, nikaweka maski, nikabonyeza, na nikaendelea kubonyeza mpaka vidole vikafa ganzi. Muda wote huo nilikuwa namtazama usoni, nikingoja alie. Kifua sikukitazama.

Baadaye, mwana ameshafunikwa, muuguzi mkubwa alilichukua lile begi akalifungua kipande kimoja kimoja juu ya meza. Jana yake lilikuwa limeoshwa na kukaushwa, na aliyeliunganisha tena alisahau kijipande cha mpira laini kinachoelekeza hewa upande wa mtoto. Begi lilikuwa likijaa na kupungua mikononi mwangu kama kawaida. Hewa yote ilikuwa ikitokea pembeni. Sikutukanwa, wala sikuandikiwa barua. Yule muuguzi mkubwa aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, kifua. Tazama kifua." Huenda mwana yule alikuwa ameshakwenda kabla hajatoka. Sitajua, na huko kutojua nimekuzoea. Ninachojua ni kwamba pumzi hata moja haikumfikia, na kwamba ningekitazama kifua ningejua hivyo ndani ya sekunde kumi.

Sasa nafanya kazi katika kituo cha afya kwenye mojawapo ya visiwa vya kaskazini mwa Lamu. Nimeandika haya kwa sababu mwezi uliopita, kwenye kikundi chetu cha simu cha wakunga wa pwani, kulizuka ubishi mkubwa juu ya kifaa kipya cha kumpa mtoto hewa, kama kichukue nafasi ya maski za uso tulizozizoea, na nilijibu kwa mistari miwili tu. Mistari miwili haikutosha.

Nianze na mtoto mwenyewe. Wengi wakiona mchanga hakulia hudhani moyo umeshindwa. Mara nyingi moyo wake hauna ila. Kinachongojwa ni mapafu. Tumboni mapafu yamejaa maji, na oksijeni mtoto anaipata kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Akitoka, zile pumzi zake za kwanza kubwa ndizo zinazoyasukuma maji yale yanyonywe mwilini, hewa ichukue nafasi. Asipovuta pumzi hizo, moyo unapungua mwendo kwa kukosa oksijeni. Mpe hewa, na moyo ndio utakaojibu kwanza. Utausikia ukipanda kwenye stethoskopu, au utauhisi kwa vidole viwili kwenye shina la kitovu, kabla midomo haijageuka rangi na kabla hajatoa sauti yoyote. Ndiyo maana kwa mtu mzima aliyezimia watu huwaza kifua na moyo, lakini kwa mchanga sisi tunawaza hewa, na hewa tena.

Katika watoto 100, kama 85 wanapumua wenyewe bila kuguswa. Kama 10 wengine wanaamka wakikaushwa na kusuguliwa. Wanaobaki ni kama 5, na hao ndio wa begi na maski. Wanaohitaji zaidi ya hapo, kama kubonyezwa kifua au dawa, hawafiki hata 1. Kwa hiyo kifaa kinachookoa wengi ndicho kile cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo chumbani. Hakitaki umeme. Hakitaki hata mtungi wa gesi, kwa kuwa kinajijaza chenyewe. Kilibuniwa Denmark na kuingia sokoni 1956, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Tumejaliwa kifaa ambacho hata jenereta ikizimika na solar ikiisha nguvu, bado kinafanya kazi kwa mwangaza wa tochi ya simu.

Bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi Langoni. Mtoto akitoka kimya alikuwa akimfuta kwa leso kavu, akimsugua uti wa mgongo juu na chini, akimwita kwa jina la babu yake. Nilipofika chuoni na kufundishwa kumkausha mtoto na kumsugua mgongo, nililia darasani, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kuwa yote ya bibi ni ujinga. Wengine walikuwa wakimning'iniza mtoto kwa miguu na kumpiga makalio, au kumrushia maji baridi, na hayo yanadhuru. Lakini mkono wa bibi ulikuwa sahihi kwa wale 10. Kwa wale 5 hakuwa na kitu, na alijua hivyo. Alikuwa akinyamaza kisha anasema, "Huyu hakuja kukaa."

Kunyamaza kwa mchanga kuna namna mbili, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kuna yule aliyeacha kupumua punde tu. Huyo ukimsugua ataitika. Na kuna yule aliyeacha, akatweta, akaacha tena huko huko tumboni. Huyo msugue mpaka kesho, hataitika mpaka mtu ampelekee hewa mapafuni. Kwa kuwa hujui aliye mbele yako ni yupi, unamkausha, unamsugua kidogo, na kama hapumui unachukua begi. Yote hayo yaishe ndani ya dakika moja. Mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyoanzishwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani 2010 na kuenea sana kwetu Afrika Mashariki, huiita dakika ya dhahabu. Si neno la kupamba. Watafiti wa hospitali ya Haydom, huko Manyara, Tanzania, walikaa wakihesabu sekunde kwenye vyumba vya uzazi, na 2012 wakaandika kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kuanza kumpa mtoto hewa iliongeza hatari ya kufa kwa asilimia 16. Nusu dakika ni muda wa kutafuta mkasi.

Na tunaipoteza wapi? Nitasema nilipoipoteza mimi. Kwanza, kufyonza. Mashine ya kufyonza ikiwapo mkono unaikimbilia, kwa sababu kufyonza kunaonekana ni kazi, kuna sauti, jamaa walioko mlangoni wanaona unafanya jambo. Lakini mrija ukiingizwa mbali kooni unaweza kuushusha moyo wa mtoto, na sekunde zinakwenda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2012 uko wazi: maji ya uzazi yakiwa meupe, usifyonze kwa mazoea. Fyonza kama kuna kitu kimeziba.

Pili, oksijeni. Hapa nawaomba kina baba wanisikilize. Mara ngapi nimesikia barazani, "Mtoto alikufa kwa kuwa hawakuwa na oksijeni"? Mtoto aliyetimiza miezi yake, katika dakika zake za kwanza, anaanzishiwa hewa hii hii tunayovuta sote. Mwongozo uo huo ndivyo unavyosema. Kinachokosekana kwake ni wa kumsukumia hewa hiyo mapafuni. Nimewahi kumwona muuguzi mwema, mwenye moyo, akimwekea mtoto asiyepumua mrija wa oksijeni puani na kungoja. Ni kama kuweka sahani ya wali mbele ya mtu aliyezimia. Basi ukituona hatuukimbilii mtungi, usitupigie kelele. Tazama kama mkono wetu uko kwenye begi.

Tatu ni maski yenyewe, na hapa ndipo penye ufundi wote. Kuna namba 0, ndogo, na namba 1, kubwa. Maski lazima ifunike kidevu, mdomo na pua, isipande machoni wala isining'inie chini ya kidevu. Ikiwa kubwa, hewa inatoroka; ikiwa ndogo, unaziba pua. Kichwa kisiinamishwe mbele wala kisirudishwe nyuma kama cha mtu mzima. Kikae kama cha mtu anayenusa udi unaofukizwa chumba cha pili. Mimi huweka kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega, si chini ya kichwa. Gumba na kidole cha shahada vinazunguka maski, na kile cha kati kinauinua mfupa wa taya kuja juu. Usikandamize. Tukishikwa na hofu sote tunakandamiza, na ukikandamiza taya linarudi nyuma, ulimi unaziba, na wewe mwenyewe ndiye uliyemfunga mtoto njia ya hewa. Kila ninapofundisha nasema: uso uifuate maski, usiupigilie misumari.

Na kubonyeza si kwa mkono mzima. Begi lina zaidi ya mililita 200. Pumzi ya mtoto wa kilo tatu ni kama mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai. Gumba na vidole viwili vinatosha. Bonyeza, mbili, tatu. Bonyeza, mbili, tatu. Ukihesabu hivyo bila haraka utapata pumzi kama 40 kwa dakika. Kifua kikipanda, endelea. Kisipopanda, usiongeze nguvu kwanza. Iweke maski upya, weka kichwa upya, angalia mdomoni kama kuna kitu, ufungue mdomo kidogo, ndipo ukaze. Haya nayajua kama ninavyoijua Fatiha, na bado usiku mmoja wa kusi yalinishinda.

Mtoto alikuwa wa kwanza kwa mamake. Uchungu ulikuwa mrefu, na tulikuwa tunangoja maji yajae ili boti itoke impeleke mama Lamu, lakini mwana hakungoja. Alitoka na uso uliovimba kwa kukaa njiani, midomo minene, mashavu yamejaa. Hakupumua. Mapigo kwenye kitovu yalikuwa kama hatua za mtu anayetembea kivivu. Niliweka maski namba 1. Hewa ikavuja upande wa kushoto, kwenye shavu. Nikasogeza, ikavuja kulia. Nikabadilisha mkono. Nilikuwa muuguzi peke yangu, mlinzi yuko getini, na mama anahitaji kuangaliwa damu. Chumbani mlikuwa na mama mkwe tu, bibi mmoja msusi wa mikeka, ameketi pembeni na tasbihi.

Dawa ya maski inayovuja ni kuishika kwa mikono miwili, na mtu wa pili abonyeze begi. Mtu wa pili sikuwa naye. Nikamwambia, "Bibi, njoo. Osha mikono hapo, uje."

Akaja. Hakuuliza kitu. Nikamwambia, "Shika hapa kwa gumba na vidole viwili, kama unavyoshika ukili. Nikisema bonyeza, bonyeza kidogo. Nikisema mbili, tatu, achia."

Nikaishika maski kwa mikono yote miwili, vidole vyangu vikilivuta taya juu. "Bonyeza, mbili, tatu." Kifua kikapanda. Niseme kweli, katika maisha yangu sijaona kitu kizuri kama kifua kile kikipanda. Bibi alikuwa na mkono wa ajabu. Miaka ya kusuka ilikuwa imempa vidole visivyo na pupa. Alibonyeza kila mara kwa kiasi kile kile, kama anayehesabu miaa ya mkeka. Baada ya pumzi kumi na tano hivi niliishika maski kwa mkono mmoja nipate kugusa kitovu, na moyo ulikuwa unakimbia. Kwenye dakika ya nane mtoto alitweta. Baadaye kidogo akatoa sauti, si kilio, sauti kama ya paka mdogo, na bibi akasema "Subhanallah" bila kukosa hesabu.

Saa kumi usiku maji yakawa yametosha, tukaingia botini. Baba wa mtoto alikuwa amengoja nje muda wote aje aadhini. Aliadhini kwenye boti, kinywa chake kwenye sikio la mwana, mashine ikinguruma. Mwana aliacha kupumua mara mbili njiani. Wale mnaokijua kipupwe cha kusi mnajua boti inavyofanya ikitoka kwenye kinga ya kisiwa. Nilipiga magoti kwenye maji ya chini ya boti, nikaweka maski, wimbi likatupa, maski ikatoka. Nikaweka, ikatoka. Bibi hakuwapo, alibaki kumwangalia mkwewe. Nahodha, ami mmoja mtu mzima ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alipunguza mwendo mwenyewe bila kuombwa, akaigeuza boti iende na mawimbi, nasi tukafika mlango wa Mkanda, kati ya mikoko, maji yakatulia. Pale kifua kikapanda tena. Huko Mkanda ndiko nilikoanza kuwaza: lazima kuwe na kitu kinachokaa chenyewe.

Mwana yule alilazwa, akaruhusiwa, akarudi. Mkono wake wa kushoto ni mzito kidogo. Anakwenda madrasa, anasoma juzuu, anaogelea.

Kitu kinachokaa chenyewe kipo. Nilikiona miaka kadhaa baadaye kwenye semina Malindi. Wenyewe huita maski ya koromeo. Ni kijimrija kifupi chenye kitu kama kijiko cha mpira laini upande mmoja, na upande wa pili unaunganisha begi lile lile. Kinaingizwa mdomoni, kinateleza chini ya kaakaa mpaka kinapokataa kwenda, na hapo kinakuwa kimekaa juu ya mlango wa bomba la hewa. Hutazami kooni kwa taa, huhitaji ule ujuzi wa kupitisha mrija katikati ya nyuzi za sauti ambao hata madaktari wengi huupoteza wakikaa bila kuutumia. Aliyekianzisha, kwa watu wazima, ni daktari Mwingereza Archie Brain, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tulichoshikishwa sisi kinaitwa i-gel, namba 1, ya watoto wa kilo 2 hadi 5, na hakina puto la kujaza hewa. Nilikiingiza kwenye mwanasesere mara ya kwanza na kikakaa. Wakunga wenzangu pia. Ukumbi mzima ulichangamka.

Hapo ndipo ubishi wa kikundini ulipoanzia. Klinikali ofisa mmoja, kijana ninayemheshimu sana, aliandika kwamba kaunti ikitununulia hivi, kazi imekwisha, tuziweke kando hizi maski za uso zinazovuja. Mistari yangu miwili ilikuwa juu ya Mulago.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, wakunga walifundishwa kuingiza i-gel, na watoto waliozaliwa bila kupumua wakagawanywa kwa kura: wengine i-gel, wengine maski ya uso. Walikuwa watoto 1,154. Matokeo yalitoka 2020 katika jarida kubwa la tiba la Marekani. Wakunga wale waliweza. Hilo peke yake ni jambo la kujivunia, wakunga wa Afrika Mashariki wameionyesha dunia kwamba kifaa hiki si cha daktari wa ganzi peke yake. Lakini waliokufa mapema au kuumia ubongo kwa kiasi kikubwa walikuwa asilimia 27.4 upande wa i-gel na asilimia 24.4 upande wa maski. Yaani tofauti ya maana haikupatikana. Kifaa kilikuwa salama, ila hakikuokoa zaidi. Nilizisoma namba zile mara tatu nikitamani ziwe nyingine.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na maoni yangu ni haya. Wengi wa watoto wale waliumia kabla ya kuzaliwa, kwenye uchungu uliokaa sana, na kifaa chochote kinamkuta mtoto pale alipofikia. Na mahali ambapo wakunga wamefundishwa vizuri na wanatumia maski ya uso kila siku, maski inafanya kazi yake. Mimi siitaki i-gel ichukue nafasi ya maski. Naitaka kwa yule mmoja ambaye maski imemkataa, na naitaka kwa boti. Wataalamu wa kimataifa wa ufufuaji sasa wanakubali itumike hata mwanzoni kwa watoto wa wiki 34 na zaidi, nami sina ugomvi nao. Lakini njiti wangu wa kilo moja na nusu hawezi kuwekewa, na kama nimeisahau maski ya namba 0 kwa kuipenda i-gel, nimemwacha.

Na kuna lingine, ambalo klinikali ofisa wetu hajalipitia kwa sababu ya ujana. Mkono unasahau. Huko huko Haydom walifanya mafunzo ya siku moja, na watu wakafaulu kwenye mwanasesere. Kisha walipoangalia walivyofanya kwa watoto hasa, mambo hayakubadilika. Hawakukata tamaa. Wakaanza mazoezi mafupi, ya dakika chache, pale pale wodini, mara kwa mara. Baada ya hapo vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Begi lilikuwa lile lile. Maski zilikuwa zile zile. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mwana wangu wa alfajiri ile na begi lililokosa kijipande cha mpira. Mtu anayelishika begi kila wiki angeligundua kwa kiganja.

Kituo chetu hatuzalishi wengi. Inaweza kupita miezi miwili bila mtoto wa begi. Muuguzi wa hospitali kubwa mkono wake unapashwa moto na wagonjwa, wetu unapoa. Ndiyo maana kila Alhamisi, baada ya kliniki ya chanjo, namtoa mwanasesere wetu, NeoNatalie, yule tunayemjaza maji ya vuguvugu mpaka awe na uzito wa mtoto. Kifua chake hakipandi mpaka maski ikae sawasawa, hadanganyiki. Kuna kimpira ninachokibonyeza nikiwa nimekificha, kitovu chake kikapiga. Naweka saa. Dakika kumi, kila mtu zamu yake, na mlinzi pia, kwa kuwa usiku ule ulinifunza kwamba anaweza kuwa ndiye mtu wa pili. Kuna waliosema naipoteza heshima ya kazi kwa kumfundisha mlinzi. Wasemao hivyo hawajawahi kubaki peke yao chumbani na shavu linalovuja.

Alhamisi moja yule bibi wa mikeka alikuja na mjukuu mwingine kwa chanjo, akatukuta mezani. Kijana wa mafunzo alikuwa akibonyeza begi kwa mkono mzima, kwa pupa, macho kwenye saa. Bibi alisimama akimtazama, mtoto begani. Kisha akasema, "Sivyo, mjukuu wangu. Shika kama ukili." Akanipa mtoto, akalichukua begi, nami nikaishika maski. Miaka sita ilikuwa imepita. Gumba na vidole viwili, vile vile.

Wiki iliyopita boti ya mahitaji ilileta i-gel mbili. Mbili tu, za namba 1. Mwanasesere wetu hakutengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo nimeandika barua kuomba mwanasesere wa mazoezi mwenye koo, na nimeomba wale waliopewa kule Malindi watukopeshe wa kwao kwa mwezi mmoja. Mpaka hapo nimemkataza mtu yeyote asiye na mazoezi asiifungue. Moja nimeiweka kwenye kisanduku cha chumba cha kujifungulia, karibu na maski, na tarehe yake ya mwisho nimeiandika kwa wino mwekundu. Ya pili iko kwenye mfuko wa boti, ndani ya nailoni mbili, pamoja na begi la akiba.

Jana nilipoingia zamu niliandika hivi kitabuni: saa 12:40 jioni. Begi 2, yote yanasukuma. Valvu zimo. Maski namba 0, mbili; namba 1, mbili. Ya koromeo 1, na 1 mfuko wa boti. Kina mama wawili, mmoja amefungua sentimita nne. Maji yatajaa saa nane usiku.